Ameunawa!

Katika lugha yetu mchezaji hashiki mpira kwa mkono, anaunawa. Mtangazaji wa kwanza aliyelitoa neno hilo kwenye bakuli la maji ya kunawia na kulipeleka uwanjani, awe nani, alifanya kazi nzuri kuliko alivyodhani. Maana mtu hunawa kwa kukusudia. Hakuna aliyewahi kujikuta amenawa kwa bahati mbaya. Kwa hiyo uwanja mzima unapopiga kelele "Ameunawa!" hausemi tu kwamba mpira umegusa mkono. Unamshitaki mtu kwa nia yake.

Nimelitafakari neno hili sana, kwa sababu katika miaka hii ya karibuni nimelisikia kila juma nikiwa nimekaa kwenye benchi la mbao katika kibanda umiza cha jirani yangu. Kama wewe, msomaji, hujawahi kuingia humo, ni banda la mabati lenye televisheni mbili, king'amuzi kimoja na joto lisilo na kipimo. Kiingilio ni shilingi 500, na 1,000 mechi ikiwa kubwa. Jina lake lajieleza: utaumia mgongo, utaumia mbavu kwa kubanana, na timu yako ikifungwa utaumia zaidi.

Zamani bao likiingia banda liliruka. Watu wasiojuana walikumbatiana, vumbi likatimka, na mwenye banda akakimbilia kuzishika televisheni zake zisianguke. Siku hizi bao likiingia tunatazamana. Yuko kijana mmoja, fundi baiskeli, ambaye huinua kidole kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. Maana yake ni kwamba tungoje. Tunangoja. Refa anashika sikio. Kisha anachora kisanduku hewani kwa vidole viwili na kukimbilia pembeni kutazama marudio, nasi tunatazama pamoja naye, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, mpira ukielea polepole kama jani juu ya maji. Bao likikubaliwa shangwe hutoka, sikatai, lakini ni shangwe ya mtu aliyelipwa deni lake la zamani. Si ile ya mtu aliyeokota fedha njiani.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi nilipostaafu, na kwa miaka kumi na mmoja nilichezesha mpira wa shule na wa vijiji. Kwa hiyo ugomvi ukizuka bandani vijana hunigeukia. "Mwalimu, sheria inasemaje hapo?" Nami kwa muda mrefu nilijibu kwa kujiamini.

Nilijibu tarehe 1 Juni 2019, fainali ya Madrid kati ya Liverpool na Tottenham, ambapo hata nusu dakika ilikuwa haijatimia mpira ulipomgonga Moussa Sissoko mkononi. Alikuwa ameunyoosha mkono huo kuwaelekeza wenzake wajipange. Refa akatoa penalti, chumba cha video kikaafiki, na Mohamed Salah akafunga dakika ya pili. Nikawaeleza kwamba mkono ulikuwa mbali na mwili. Waliokuwa wa Liverpool waliona maelezo yangu ni ya kisomi.

Mwaka uliofuata kujiamini kwangu kulikwisha. Tarehe 27 Septemba 2020 Tottenham walikuwa wakiongoza kwa bao moja dhidi ya Newcastle. Dakika za nyongeza Eric Dier akaruka kugombea mpira wa juu, akiwa amempa mgongo Andy Carroll. Carroll akaupiga kichwa akiwa nyuma yake, na mpira ukaugonga mkono wa mtu ambaye hata hakuwa akiutazama. Refa akaitwa kwenye televisheni, akatoa penalti, na Callum Wilson akaifunga dakika ya 97. Steve Bruce, kocha wa Newcastle, aliyekuwa ameokota pointi mkekani bila kuitafuta, alisema waziwazi kwamba sheria hiyo ni upuuzi. Vijana wakanigeukia. Nikasema nina kiu, nikatoka nje.

Tatizo ni kwamba sheria niliyofundishwa ilikuwa na neno moja zito: makusudi. Mchezaji akiunawa kwa makusudi, kosa. Asipokusudia, mchezo uendelee. Mwaka 2019 wale wenye sheria, yaani IFAB, chombo cha tangu mwaka 1886 ambamo vyama vinne vya Uingereza hukaa pamoja na FIFA, waliongeza maelezo marefu kuhusu mkono unaoupanua mwili isivyo kawaida, mkono uliopita bega, na mshambuliaji ambaye mpira umemgusa mkono tu bila hiari yake kabla ya bao. Kwa maelezo hayo bao la Gabriel Jesus wa Manchester City dhidi ya Tottenham, la dakika za mwisho kabisa mwezi Agosti 2019, lilifutwa kwa kuwa mpira ulimparaza mwenzake Laporte mkononi. Mwaka 2020 wakaeleza mkono unaanzia wapi: chini ya usawa wa kwapa. Mwaka 2021 wakalegeza, kwamba mpira ukimgusa mwenzako kwa bahati mbaya kisha wewe ukafunga, si kosa. Bao la Jesus, basi, lingekuwa halali kama angesubiri miaka miwili kulifunga. Mwalimu wa hesabu akifundisha leo kwamba saba mara nane ni 56 na kesho kwamba ni 54, wanafunzi wana haki ya kumzomea.

Na wanazomea, si hapa tu. Mwezi Juni 2024 klabu ya Wolves ilipeleka hoja kwamba Ligi Kuu ya Uingereza iachane na VAR. Ikashindwa kwa kura 19 dhidi ya moja, yaani yake yenyewe. Mwezi uliofuata huko Norwei mechi ya Rosenborg na Lillestrøm ilivunjika baada ya mashabiki kuujaza uwanja mipira ya tenisi na kababu za samaki kwa hasira ya VAR. Waswidi, ambao klabu zao ziko mikononi mwa wanachama, waliikataa mashine hiyo tangu mwanzo. Nilipowasimulia vijana habari ya kababu walicheka, kisha mmoja akasema kwa huzuni kwamba hao wana shibe. Yeye kababu yake angeila kwanza, halafu ndipo alalamike.

Lakini sikuianza habari hii kwa ajili ya Norwei. Bandani hukaa mtu mmoja, mara nyingi benchi la nyuma yangu, ambaye mimi humwita moyoni mwangu Namba Nne. Ni muuza machungwa, mtu mzima mwenye wajukuu. Kila refa anapokwenda kutazama marudio ya mkono, vijana hupiga kelele, na yeye huinama karibu na sikio langu na kuuliza kwa upole: "Shikamoo, Mwalimu. Nawa, au si nawa?"

Ilikuwa Julai 1987, msimu wa machungwa, katika kijiji kimoja wilayani Muheza. Vitongoji viwili vilikutana fainali na zawadi ilikuwa beberu. Mistari ilichorwa kwa majivu, magoli yalikuwa ya miti bila nyavu, na washika vibendera wangu walikuwa wanafunzi wawili wenye vipande vya kanga. Wakati wa mapumziko wachezaji walinyonya machungwa na kutemea mbegu mstari wa kati. Dakika chache kabla ya mwisho hakukuwa na bao. Beki mmoja, kijana wa miaka kumi na minane hivi, aliyevaa fulana yenye namba 4 iliyoandikwa kwa rangi ya mafuta, alikuwa amecheza mpira ambao hadi leo sijaona kijijini. Viongozi wa timu ya wilaya walikuwepo. Kila mtu alijua wamemjia nani.

Ikapigwa krosi kutoka kulia. Namba Nne akaruka na mshambuliaji. Nikasikia mpira ukigonga mwili, na papo hapo upande mmoja wa uwanja ukalipuka: "Ameunawa!" Nikapuliza filimbi na kuonyesha mahali pa penalti.

Sasa ninalolieleza ni hili, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mbele yangu kulikuwa na mgongo wa yule mshambuliaji. Sikuona. Nilisikia mlio, nikasikia watu, na mkono wangu ukapeleka filimbi mdomoni kabla kichwa hakijauliza swali lolote. Kijana akanijia akijipiga kifua kwa kiganja, akiapa kwamba ni hapa, refa, wallahi ni hapa. Nami nilimjibu mbele ya wachezaji wote: "Nimeona kwa macho yangu mawili."

Penalti ikafungwa. Beberu akaenda upande wa pili. Kosa la refa lingekuwa limeishia hapo kama ningesema nimekosea, au hata kama ningenyamaza; lakini kwa kuwa mwalimu mwenyewe ameona, watu wa kitongoji chake walihitimisha kwamba kijana aliunawa kweli, na kama aliunawa dakika zile, basi amehongwa. Walimwita Mnawaji. Mwaka huo hakuitwa timu ya wilaya, kwani alikuwa ameacha kucheza kabla barua haijaandikwa. Alikwenda kukata mkonge kwenye shamba moja la mbali, akarudi baada ya miaka, akaoa, na jina likamngojea nyumbani kama mbwa. Watoto waliozaliwa baadaye walimwita hivyo bila kujua limetoka wapi. Wengine walidhani anapenda usafi.

Mwaka mmoja kabla ya siku ile, tarehe 22 Juni 1986, Diego Maradona alikuwa ameifunga Uingereza kwa mkono mjini Mexico. Sisi Tanzania Bara hatukuwa na televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo mkono ule niliusikia redioni miaka mingi kabla ya kuuona. Nakumbuka tulivyomcheka yule refa Mtunisia, Ali Bin Nasser. Mimi nilicheka kuliko wote, kwani nilikuwa na filimbi na vitabu vya sheria. Nilisema mtu asiyeona jambo kama lile hafai hata kuchezesha chandimu. Bin Nasser ameeleza baadaye kwamba alimtazama msaidizi wake, Bogdan Dochev wa Bulgaria, akitegemea ishara, na ishara haikuja. Yeye alikubali bao ambalo hakuona kosa lake. Mimi niliadhibu kosa ambalo sikuliona. Ukitupima kwenye mizani sidhani kama ni mimi nitakayetoka mwepesi.

Mwaka 2015 Maradona alikwenda Tunisia na kumtembelea Bin Nasser nyumbani kwake. Alimpa jezi ya Argentina aliyoiandika kwa mkono wake, akimwita rafiki yake wa milele. Nilipoisoma habari hiyo sikulala vizuri. Mkosaji alimwendea refa. Kwetu mkosaji na refa walikuwa mtu mmoja, na njia ya kwenda kwa mwenye kudai ilikuwa hatua mia mbili kupitia sokoni.

Tuliwahi kukaribia. Tarehe 2 Julai 2010 Ghana walicheza na Uruguay kule Johannesburg, na Afrika nzima ilikuwa imefunga pumzi. Sekunde za mwisho za muda wa ziada, Dominic Adiyiah akapiga kichwa, na Luis Suárez akiwa kwenye mstari wa goli akauzuia mpira kwa mikono miwili kama kipa. Kadi nyekundu, penalti. Asamoah Gyan akagonga mtambaa wa panya. Kisha tukatolewa kwa matuta. Husemwa kwamba kama kungekuwa na VAR haki ingetendeka. Si kweli. Refa aliona kila kitu na sheria ilifuatwa neno kwa neno. Hata mashine mia zisingeongeza kitu. Wazee walilia bandani usiku ule. Suárez alionekana akiruka kwa furaha penalti ilipokoswa, na Namba Nne alipokuwa akitoka alisimama karibu yangu. "Yule aliunawa, Mwalimu," akasema. "Akafurahi." Akaenda zake. Nilikuwa na nafasi ya kumfuata, nikajiambia kwamba ni usiku.

VAR ilipoingia kwenye Kombe la Dunia 2018 mimi niliipokea kwa mikono miwili, na sasa msomaji unajua sababu. Nilidhani imekuja kuwaondolea watu wa aina yangu mzigo wa kudanganya. Refa asiyeona ataona. Kwa mambo ya kuona, ninakiri, imesaidia. Ila yataka mashine iwepo na ifanye kazi, kwani tarehe 31 Mei 2019 pale Radès, Wydad waligoma kuendelea na fainali ya Afrika dhidi ya Espérance baada ya bao lao kukataliwa na kuambiwa kwamba VAR siku hiyo ni mbovu. Lakini kunawa si jambo la kuona peke yake. Ukimtazama mtu yeyote polepole, hata anayejikuna, ataonekana amekusudia. Picha ikisimamishwa mkono uko pale, mpira uko pale, na ile robo sekunde ambayo mtu hakuwa na la kufanya imepotea kabisa. Refa wa chini alikuwa na upungufu wa kuona. Wa chumbani ana ziada ya kuona. Wote wawili wanabaki kukisia kilichokuwa moyoni.

Kule Dortmund, tarehe 29 Juni 2024, Ujerumani ilipewa penalti dhidi ya Denmark kwa sababu mpira, uliokuwa na kifaa ndani yake, ulionyesha kwamba umemparaza Joachim Andersen kwenye mkono. Dakika chache tu kabla, bao lake lilikuwa limefutwa kwa kuotea kwa kidole cha mguu cha mwenzake. Kwenye televisheni ukatokea mstari unaoruka juu, kama ule unaopima moyo wa mgonjwa. Kai Havertz akafunga. Fundi baiskeli akasema mambo yamekwisha, mashine imeona. Nyuma yangu sauti ikauliza: "Na nia, mstari wake uko wapi?"

Siku sita baadaye, tarehe 5 Julai, Ujerumani wenyewe walikutana na Hispania mjini Stuttgart. Ilikuwa moja kwa moja, muda wa ziada, saa tatu usiku imeshapita kwetu. Jamal Musiala akapiga shuti lililokuwa likielekea golini, likagonga mkono wa Marc Cucurella. Refa Anthony Taylor akakataa penalti, na hakuitwa kwenda kutazama marudio. Banda likagawanyika. Nilijua bila kugeuka kwamba Namba Nne atamtetea beki. Nani angemtetea kama si yeye?

Nikasikia benchi limeanguka. Alikuwa amesimama, mshipa wa shingo umemtoka, kidole kikiielekea televisheni. "Ameunawa! Ameunawa huyo!" Hata vijana walishituka. Akapiga kelele mara tatu, kisha akaokota benchi, akakaa. Hispania wakafunga dakika ya 119. Watu walipokuwa wakitoka nilimwuliza kwa nini, yeye wa watu wote. Akafikiri kidogo. "Nilitaka nijue inavyokuwa," akasema, "ukiwa upande ule."

Mwezi Septemba mwaka huo ikatangazwa kwamba UEFA wamekubali: ile ilistahili kuwa penalti. Ujerumani walikuwa wametoka zamani, Hispania wana kombe lao kabatini, na Wajerumani wengi walikasirika upya. Wanaliona kukiri kwa namna hiyo kuwa ni dharau. Mimi nilihesabu miezi: haikufika mitatu. Kisha nikahesabu yangu, nikapata miaka 37.

Asubuhi yake nilikwenda sokoni. Alikuwa akipanga machungwa mafungu ya manne manne. Tukasalimiana, akaniuliza habari za nyumbani, nikamwuliza za kwake. Nikanunua fungu nisilolihitaji. Halafu nikasema: "Bwana, siku ile mimi sikuona."

Hakuuliza siku ipi. Aliendelea kupanga machungwa mpaka fungu likakamilika, akaliangalia kama limekaa sawa.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa nyuma ya mgongo wa yule bwana. Nilikuwa nakutazama wewe, si mpira." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Ndiyo maana sijui uliponigonga."

Nilimwambia kwamba aliapa ni kifuani. Akajigusa kifua, akapandisha kidole hadi begani, akakishusha taratibu upande wa nje wa mkono, akasimama katikati. Ni hapa, akasema, au hapa. Zamani alikuwa akijua, lakini amelisimulia mno, na kila anapolisimulia mpira unahama kidogo. Nikamweleza kwamba tangu mwaka 2020 watu hutumia mkono wa jezi kuwa alama: ukigonga kwenye kitambaa cha juu karibu na kwapa si kosa, ukigonga chini yake ni kosa.

"Fulana zetu tulizikata mikono," akasema.

Nilicheka bila kutaka, naye akacheka, na mama wa nyanya meza ya pili akatutazama. Nikamwambia nitalisema bandani, mbele ya watu, kwamba hakuunawa. Au kwamba mimi sikuona, ambalo ndilo ninaloweza kulisema. Akasema nisiwasumbue vijana, hawamjui hata Maradona. Ila kuna wazee watatu wa kitongoji chake ambao bado wako hai, na mmoja ni mgonjwa. Akanitajia nyumba zao na kunielekeza njia, nami niliandika nyuma ya karatasi ya dawa. Nilikwenda kwa yule mgonjwa kwanza.

Machungwa yale alikataa kuyapokelea fedha, nikakataa kuyachukua bure, tukavutana hivyo mpaka mteja mwingine akayanunua.